Mlango Ulioufunga Wewe: Mwongozo kwa Wanaofuga Magarama

Wazee wetu wa Burundi bado wanasalimiana kwa kutakiana ng'ombe. Mmoja husema "Amasho!", makundi yawe yako, mwenzake humjibu "Amashongore!", na yawe ya majike. Salamu hiyo ilizaliwa zamani za ng'ombe waliotembea mchana kutwa, wakachagua majani wayapendayo na kijito wakijuacho, mchungaji akiwafuata kwa fimbo na wimbo. Leo ukipita Magarama asubuhi, iwe ile ya mjini Gitega au ile ya Muyinga, ng'ombe humwoni. Unamsikia tu nyuma ya ukuta wa matofali, na ukiwa na masikio ya mfugaji unajua kwa sauti yake kama ameshapewa maji au bado.

Kilichomweka nyuma ya ukuta ni sheria. Tarehe 4 Oktoba 2018 ilitoka Sheria Na. 1/21 ya kufuga bandani muda wote na kukataza mifugo na ndege wa nyumbani kuzurura. Wananchi walipewa miaka mitatu ya kujiandaa, na Oktoba 2021 muda huo ukaisha. Sababu zake ni za kweli: milima inayomomonyoka kwa kwato, maharage yanayoliwa usiku, samadi inayopotea njiani badala ya kurudi shambani, magonjwa yanayohama kundi hadi kundi. Mimi naiunga mkono. Lakini nina neno ninalolirudia kwa kila jirani anayenisikiliza, na ndilo lililonifanya niandike haya. Mbuzi aliyezurura alimwibia jirani, ila alijilisha mwenyewe. Ukimfungia, njaa yake, kiu yake na uchafu anaoulalia vimekuwa kazi ya mikono yako. Sheria ya kumfungia tunayo. Sheria kamili ya kumtunza aliyefungiwa, kama ile waliyoipitisha majirani zetu wa Tanzania mwaka 2008, inastahili kuifuata, na wakati tunaidai kuna mengi ya kufanya uani kuanzia jioni hii.

Hesabu kwanza, mnyama baadaye

Kabla hujaenda sokoni kununua, chukua kalamu. Ng'ombe wa kilo 300 hula kwa siku majani mabichi yapata sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 30. Ni mizigo miwili mizito ya kichwani, kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Maji anakunywa lita 30 hadi 40, madumu mawili ya lita 20. Akiwa anakamuliwa, kila lita ya maziwa inadai lita tatu au nne za maji juu ya hizo. Mbuzi mkubwa anataka kilo nne au tano za majani na lita tatu hadi tano za maji. Kuku anaridhika na gramu 120 za chakula na robo lita ya maji, lakini kuku ishirini ni lita tano, na zikikosekana nusu siku tu yenye jua kali, mayai yanapungua siku zinazofuata.

Sasa jiulize maji hayo yatatoka wapi bomba likikauka, na ni nani atakayeyabeba. Katika nyumba nyingi ninazozijua jibu ni mtoto wa shule au mama mwenye nyumba, na hakuna aliyewauliza kabla ya ng'ombe kuletwa. Waulize. Mnyama anayelishwa na mtu aliyelazimishwa hula vibaya.

Majani ni swali gumu zaidi. Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji karibu ekari moja ya matete, urubingo kama wanavyoyaita wenye Kirundi chao, ikiwa unategemea mvua peke yake. Kiwanja cha mjini Magarama hakina ekari hiyo. Kama una shamba mlimani, panda urubingo na nyasi za tripsakumu kwenye kingo za matuta, pale pale panapozuia mmomonyoko, na weka miti ya kaliandra kwenye mpaka. Kata matete yakifika kiunoni au kifuani. Yakikupita kimo yamekuwa fito. Yaache yanyauke kidogo kivulini kabla ya kuyakatakata. Majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi na mabua ya maharage ni nyongeza nzuri. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Yanyaushe vizuri, na hata hapo toa kidogo tu.

Kama shamba huna na pesa ya kununua majani kila siku huna, usifuge ng'ombe mjini. Nalisema hili nikijua linavyouma, kwa sababu ng'ombe kwetu ni heshima kabla hajawa maziwa. Fuga mbuzi wawili, au sungura, au kuku kumi na wawili wanaoshiba. Miradi iliyogawa ng'ombe milimani kwa mnyororo wa mshikamano, ambapo aliyepewa jike humkabidhi mwenzake ndama, ilikuwa na sharti ninaloliheshimu sana: banda lijengwe na majani yapandwe, ndipo ng'ombe aje. Jiwekee sharti hilo mwenyewe, hata kama ng'ombe unamnunua kwa pesa yako.

Na uhesabu kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba kila kitu kinanyauka, na ndipo utaona mbavu za mifugo ya watu waliohesabu mwezi wa Aprili peke yake. Kausha majani mvua ikiwa inaishia, yafunge, yaweke juu ya mbao ndani ya paa. Au uza mnyama mmoja mwezi wa Mei akiwa bado na mwili. Kumuuza Agosti, amebaki ngozi na pembe, ni hasara kwako na mateso kwake.

Banda na kamba

Banda zuri si lazima liwe la gharama. Chagua sehemu iliyoinuka, yenye mteremko kidogo ili mkojo utoke wenyewe kwenda kwenye shimo la mbolea. Ng'ombe wetu wa kawaida apate sehemu ya kulala yenye urefu wa mita 2.1 na upana wa mita 1.2, pakavu, penye nyasi au maranda, na zaidi ya hapo nafasi ya kusimama na kugeuka. Mbuzi mmoja apate mita moja na nusu ya mraba. Sakafu yake iwe ya fito iliyoinuliwa kutoka ardhini, samadi ipite chini, kwato zibaki kavu. Mbuzi anayesimama kwenye matope yake huoza kwato, na watu husema amelogwa.

Kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Waweke vijiti vya kulalia, maana kuku hulala juu, na sehemu ya vumbi au majivu ya kuogea. Mwanga uingie. Usizibe kuta zote kwa mabati ukidhani unawakinga na baridi. Ni kweli usiku wa Gitega mwezi wa Julai ni mkali, lakini kinachoua ni upepo unaopita chini, ambao ukuta wa nusu unatosha kuuzuia. Hewa chafu ya mkojo nayo huua, polepole. Ukiingia bandani macho yako yakawasha, ujue ya mnyama yamewasha usiku kucha.

Kamba ndiyo inayonitia uchungu. Mtu anayefuga mbuzi mmoja hana banda; ana mti, na kamba. Nami nilikuwa hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye matanga Karusi, nikamwacha mbuzi jike mwenye mimba amefungwa kwenye mparachichi, beseni la maji kando yake, majani tele. Nilirudi siku ya pili jioni. Alikuwa ameuzunguka mti hadi kamba ikaisha, shingo imegusa gome, na beseni lipo mita moja kutoka mdomoni mwake, limejaa. Alinitazama bila kulia. Sauti ilikuwa imekwisha. Aliishi, ila siku tatu baadaye alitupa mimba. Kijana niliyemwachia aliniambia, na hakuwa mwongo, kwamba alipita asubuhi akaona maji yapo.

Basi kama ni lazima ufunge, mfunge kwenye waya au kamba iliyonyooshwa kati ya miti miwili, kitanzi kikimbie juu yake, asipate kitu cha kuzungukia. Tumia mkanda mpana wa shingoni, usitumie kitanzi kinachokaza. Kamba iwe na pete inayozunguka, na urefu wa kumwezesha kulala, kugeuka na kufika kivulini saa sita na saa tisa, maana kivuli kinahama. Na umwonyeshe unayemwachia namna ya kutazama: asiangalie maji kama yapo, aangalie kama mnyama anayafikia.

Ndugu zetu Waislamu wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake halikuwa kumpiga. Alimfungia ndani, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Hiyo ndiyo hoja nzima ya mwongozo huu, na ina zaidi ya miaka 1,300. Wakristo nao wanasoma katika Mithali kwamba mtu mwema huujali uhai wa mnyama wake, na katika Torati kwamba ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Mkutanoni mtu akikuambia ustawi wa wanyama ni mambo ya Wazungu wenye shibe, mkumbushe haya kwa upole.

Mbwa

Mbwa wa Magarama ana kazi ya usiku na adhabu ya mchana. Anafungwa mnyororo alfajiri, nyuma ya jiko, juani; anafunguliwa watu wakilala, ili awe mkali. Ukali huo ni wa kukata tamaa, na mbwa aliyekata tamaa humuuma mtoto wa nyumbani kabla hajamuuma mwizi. Mlinzi mzuri ni mbwa anayewajua wa kwake. Mjengee kibanda chenye kivuli, mfungulie uani mchana mageti yakiwa yamefungwa, mpe maji yake mwenyewe, na mpe chakula kila siku: ugali uliochanganywa na mchuzi na vichwa vya ndagala unatosha, kukiwa na kitu cha nyama mara kwa mara. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka na kumchoma ndani. Asiyependa kumgusa kwa sababu za dini hahitaji kumgusa ili amtunze. Kuna hadithi nyingine, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

Sasa kichaa cha mbwa, na hapa naomba usome polepole. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, hakuna dawa. Karibu wote hufa. Visa 99 kati ya 100 vya binadamu vinatokana na mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mashirika ya kimataifa ya afya ya binadamu, ya kilimo na ya afya ya wanyama yamejiwekea lengo la kufikisha vifo hivyo sifuri ifikapo 2030. Njia inajulikana: kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia. Kisiwani Pemba walifanya hivyo, kichaa kikatoweka mwaka 2014. Kikaingizwa tena 2016, wakachanja tena, kikaondoka 2018. Pemba haikungoja iwe tajiri. Ilichanja.

Wewe peke yako huwezi kufikia asilimia 70 ya Magarama, lakini mbwa wako ni asilimia mia ya mbwa wako. Mchanje akitimiza miezi mitatu, rudia kila mwaka, na uitunze kadi yake pamoja na kadi za watoto. Zungumza na nyumbakumi wako: nyumba kumi zikikubaliana siku moja, daktari wa mifugo, veterineri wetu, atakuja kwa safari moja badala ya kumi, na kila mmoja atalipa pungufu. Siku ya tarehe 28 Septemba, ambayo dunia huikumbuka kwa kichaa cha mbwa kwa kuwa ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, ni nzuri kwa hilo, na inaangukia kiangazi, njia zikipitika.

Mtu akiumwa na mbwa, au akiparuzwa, au akilambwa kwenye kidonda: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani na mtoto atakuwa analia. Usipake majivu, kahawa, mafuta wala dawa za majani. Usifunge kidonda kwa kukaza. Kisha nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama jino limeacha alama ndogo tu, ukaulize chanjo. Chanjo si sindano moja, ni kadhaa kwa tarehe utakazopewa, na ya mwisho ina thamani sawa na ya kwanza. Mbwa naye, akiwezekana kufungiwa pasipo hatari, asiuawe. Afungiwe, alishwe, atazamwe siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi mateni siku ile aliyouma. Akiuawa na kutupwa, umepoteza ushahidi ambao daktari angeutumia.

Najua mtaa ukishtuka, jambo la kwanza linalotajwa ni sumu. Nyama yenye sumu inawekwa njiani usiku, na asubuhi unakuta mbwa, paka wa jirani, na kuku wawili wa mjane. Nimewaona wakifa, na hakuna mtu aliyewatazama ambaye angekubali sumu itumike tena. Na haifai kitu, kwa sababu wakiuawa mbwa wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia kwenye majalala yale yale, na hao hawajachanjwa. Mtaa uliochoshwa na mbwa wanaozurura uanze na majalala, kisha chanjo, kisha kuhasi. Na watoto wa mbwa wasitupwe bondeni ndani ya mfuko. Kama hutaki watoto wa mbwa, mfungie jike ndani anapokuwa na joto, wiki tatu, au zungumza na veterineri mapema.

Kuhasi, iwe mbwa, mbuzi au fahali, ni kazi ya aliyefunzwa, kwa ganzi au kwa koleo la kuhasi, mnyama akiwa bado mdogo. Mawe na viwembe viache.

Wanyama wa porini

Hapa nitasema kwa ufupi, kwa sababu jibu ni moja: usimfuge. Kasuku wa kijivu, mtoto wa tumbili, korongo mwenye taji: Burundi imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, CITES, tangu 1988, na ina sheria yake ya mwaka 2011 kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini. Sokwe mtu mdogo anayeuzwa akiwa na macho ya huruma ameletwa kwako baada ya mama yake kuuawa. Bujumbura iliwahi kuwa na kituo cha sokwe yatima kilichoanzishwa na taasisi ya Jane Goodall. Vita vilipochacha katika miaka ya 1990, sokwe wake walihamishiwa Sweetwaters, huko Kenya, na kituo cha Sweetwaters kipo mpaka leo. Ukiletewa mnyama wa namna hiyo, usimnunue kwa nia ya kumwokoa. Ukinunua mmoja, mwindaji anarudi msituni kutafuta wa pili. Toa taarifa kwa ofisi ya mazingira, OBPE.

Njiani na machinjioni

Siku ya soko utaona baiskeli ikishuka mlima, mbuzi watatu wamefungwa miguu juu ya kibebeo, na kuku wanane wananing'inia vichwa chini kwenye usukani. Tumezoea hata hatuoni. Kuku hana kiwambo kama chetu kinachotenganisha mapafu na matumbo. Ukimgeuza kichwa chini, uzito wa matumbo unayakandamiza mapafu. Tumia tenga. Watengenezaji wa matenga ya mianzi hapa Gitega wapo, na tenga moja linadumu miaka. Mbuzi atembee kama safari ni fupi; kama ni ndefu, ni bora kukodi gari dogo watu wanne kwa pamoja, asimame kwenye nyasi, asilaliwe na wenzake. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Msafirishe alfajiri na ummwagie maji.

Ukinunua mnyama ng'ambo ya mpaka, mathalani Ngara, na kumvusha Kobero, pita penye ofisi na upate hati ya afya. Wanaopita porini usiku wanajua kwa nini wanapita usiku. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoua ng'ombe wengi, hasa mikoa ya kaskazini, serikali ilizuia biashara, usafirishaji na uchinjaji wa mifugo, na waliofuga kwa uaminifu walibaki na hasara sawa na waliomficha mgonjwa. Mnyama akitupa mimba ghafla, au wakifa wawili kwa siku moja, usichinje ugawe nyama. Mwite veterineri. Usiguse damu kwa mikono mitupu.

Kuchinja kwenyewe kufanyike kwa kisu kikali na kirefu, mnyama ameshashibishwa maji, mwingine asimwone. Mafundi wazuri wa Kiislamu wanajua kwamba kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Vijana wengi wanaoshika kisu siku za sikukuu hawajafundishwa, wafundishe.

Ugomvi ukizuka

Mbuzi wako akivunja akala maharage ya jirani, nenda wewe kwanza, kabla hajaja yeye. "Hodi, mama. Nimekuja kuomba radhi, mbuzi wetu ameingia kwako. Twende tutazame pamoja ameharibu kiasi gani." Kesi nyingi ninazozijua zimeishia hapo, kwa debe la maharage na samadi ya msimu mmoja. Zikishindikana, ziende kwa nyumbakumi, kisha kwa abahuza, wazee wasuluhishi waliochaguliwa kwenye mitaa na vilima tangu 2022. Mnyama wako akikamatwa na viongozi, nenda siku ile ile, lipa faini iliyopangwa na udai risiti yenye mhuri. Na ukimkamata wa mwenzako shambani mwako, huna ruhusa ya kumkata mguu. Mfunge kivulini, mpe maji, ita shahidi, peleka habari.

Ukiona jirani anamtesa mnyama, anza hivyo hivyo, kwa hodi. Mara nyingi utakuta nyuma ya ng'ombe mwenye njaa kuna mjane mgonjwa au mtu aliyefukuzwa kazi. Mbebee mzigo wa majani kwanza, ndipo umweleze. Kwa yule anayetesa kwa kupenda, nenda kwa kiongozi wa mtaa bila kusita, na uandike tarehe na ulichokiona.

Sheria inayostahili kuja

Tanzania ilipitisha Sheria yake ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19, mwaka 2008. Kenya na Uganda zilikuwa na zao za kuzuia ukatili tangu zama za mkoloni. Umoja wa Afrika una mkakati wake wa ustawi wa wanyama, na Februari 2024 wakuu wa nchi walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Burundi ina sheria ya afya ya mifugo ya mwaka 2009 na hii ya banda ya 2018. Hoja ya sheria nyingine inaweza kupelekwa na serikali, au na wabunge wenyewe, wa Bunge na wa Seneti. Kwa hiyo mbunge wako ndiye mlango, na baraza la mtaa lililochaguliwa Agosti 2025 ni kizingiti chake. Kumbuka mipaka imebadilika: Magarama ya Gitega imebaki mkoa wa Gitega, lakini ya Muyinga sasa imo Buhumuza, na tarafa nyingi zimeunganishwa. Ukiandika barua, hakikisha inakwenda tarafa iliyopo leo.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Jumamosi, kazi za jamii zikiisha na watu wakiwa bado wameshika majembe. Usisimame kusema "wanyama wana haki"; utawapoteza. Sema mambo manne yanayoshikika. La kwanza, anayemfunga mnyama awe na wajibu ulioandikwa wa kumpa maji, chakula na pakavu pa kulala, na kuuvunja kuwe kosa kama kuzurura kulivyo kosa. La pili, kila mbwa achanjwe na awe na kadi, na tarafa itenge siku ya chanjo kila mwaka, kwa bei ambayo maskini ataimudu. Faini isiyo na chanjo karibu inawafanya watu watupe mbwa wao usiku. La tatu, sumu njiani ikatazwe. La nne, sehemu ya faini za mifugo irudi kwenye kisima na kwenye shamba la pamoja la majani, ili anayetozwa kwa sababu hana pa kukata majani apate pa kuyakata.

Utaulizwa kuhusu maskini. Ni swali la haki, lijibu kwa makini. Sheria inayomtaka mwenye kiwanja kidogo ajenge banda la saruji itamfanya auze mbuzi wake pekee, na mbuzi huyo ndiye karo ya shule. Dai vipimo ambavyo fito, nyasi na udongo vinaweza kuvitimiza. Dai onyo mara mbili kabla ya faini. Dai veterineri aje kufundisha kabla ya polisi kuja kutoza. Mimi ningetaka hata miaka mitatu ya kujiandaa, kama ile tuliyopewa 2018, na safari hii tuitumie kupanda urubingo.

Andika majina ya waliokubali, na namba za nyumba zao. Chukua nakala mbili, moja ibaki kwa mkuu wa mtaa ikiwa imegongwa mhuri, nyingine uende nayo. Mkutano ukichelewa, mtume mtoto nyumbani kabla ya saa sita akajaze beseni, na akae pale mpaka amwone mnyama akinywa.